Wasia Uletao Shule kwa Watoto wa Maskini

Somo kwa wakatekumeni

1. Baada ya matanga

Mzee akifariki dunia katika kijiji cha Lusangi, au kokote kule katika nchi ya Kasongo na Kabambare, watu hukusanyika, humlilia, humzika kwa heshima. Siku za matanga zikiisha, neno moja huja ambalo hakuna awezaye kulikwepa, nalo ni hili: mali ya marehemu itakuwa ya nani? Kuna michikichi, kuna mbuzi, kuna baiskeli, kuna cherehani, labda kuna nyumba ya mabati. Kama marehemu alisema maneno yake vizuri alipokuwa na akili timamu, kila mtu hupata haki yake kwa amani. Kama alinyamaza, mwenye nguvu hutangulia kuchukua. Mjane hubaki mikono mitupu, na mtoto aliyekuwa akisoma huacha shule, kwa maana hakuna tena wa kumnunulia daftari wala wa kumlipia.

Basi, somo hili lahusu maneno ya mwisho ya mwenye mali. Lafundisha jambo moja: mali iliyoachwa kwa maneno yaliyo wazi, ikatunzwa na watu waaminifu, yaweza kuwafundisha watoto ambao mwenye mali hakuwaona kamwe kwa macho yake.

2. Shina na tunda

Kwanza yafaa kufahamu maana ya maneno. Urithi ni mali ambayo marehemu huwaachia watu wake. Wasia ni neno la mtu aliye hai, litakalotendwa akiisha kufa. Tena kuna wasia wa sadaka, yaani mtu huagiza sehemu ya mali yake itumiwe kwa faida ya maskini, au wagonjwa, au watoto wasio na wa kuwasomesha.

Wasia wa sadaka waweza kutumiwa kwa njia mbili, na mchikichi waonyesha tofauti yake. Mwenye mchikichi aweza kuukata ili apate tembo la siku chache. Watu watakunywa, watacheka, na mti utakuwa umekwisha. Ama aweza kupalilia chini yake, na kuvuna mikungu ya chikichi kila inapoiva. Mti huo utampa mawese miaka mingi, naye akifa utawapa wanawe na wajukuu wake. Shina lilelile, lakini yule wa kwanza alikula shina, na huyu wa pili alikula matunda.

Ndivyo ilivyo kwa fedha pia. Mtu aweza kuacha fedha, nazo zikatumika mwaka mmoja zikaisha. Lakini aweza kuagiza kwamba fedha yenyewe isiguswe. Itiwe katika kazi yenye kuzaa faida, kama vile nyumba za kupangisha au biashara iliyo salama, na ile faida tu itumiwe kila mwaka kwa kulipa walimu na kununua vitabu. Fedha iliyowekwa hivyo huitwa amana au mfuko, na watu waliokabidhiwa kazi ya kuitunza huitwa wadhamini. Mdhamini si mwenye mali. Yeye ni kama mchungaji wa mbuzi wa mtu mwingine: atahesabiwa mbuzi wake jioni.

3. Anna Jeanes na shule ndogo za mashamba

Mfano mkubwa wa mambo hayo ulianza mbali, katika nchi ya Marekani, lakini matunda yake yalifika Kongo na Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo yafaa kuufuata tangu mwanzo wake.

Watu wa Maniema hawana haja ya kufundishwa utumwa ulikuwa nini. Katika karne ya 19 Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip, na misafara ya pembe na ya watumwa ilipita njia ndefu kuelekea Ujiji, na kutoka huko mpaka pwani na Unguja. Waafrika wengine walichukuliwa upande wa magharibi, wakavushwa bahari ya Atlantiki mpaka Marekani, wakalazimishwa kulima pamba na tumbaku bila mshahara. Mwaka 1865 utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Marekani yote. Lakini waliofunguliwa hawakupewa mashamba wala fedha. Katika vijiji vya kusini watoto wao walisoma katika vibanda vilivyovuja, kwa miezi michache tu ya mwaka, na mwalimu wao mara nyingi alikuwa amesoma kidogo tu kuliko wao.

Katika mji wa Philadelphia aliishi mwanamke mmoja jina lake Anna Jeanes, aliyezaliwa mwaka 1822. Alikuwa Mprotestanti wa madhehebu yaitwayo Marafiki. Hakuolewa, wala hakuwa na mtoto. Jamaa yake walikuwa matajiri, na walipokufa mmoja baada ya mwingine mali yao ikamfikia yeye. Katika uzee wake alijiuliza mali hiyo imfae nani. Watu wengi walitoa sadaka kwa vyuo vikubwa vyenye majina. Yeye alitaka kusaidia shule ndogo za mashamba, zile ambazo hakuna mgeni mkubwa aliyekwenda kuzitazama.

Mwezi wa Aprili mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 85, alitoa dola milioni 1 ziwe mfuko wa shule hizo. Mwezi wa Septemba mwaka uleule akafariki. Msomaji aangalie mambo mawili. Kwanza, hakungoja pumzi ya mwisho. Aliyapanga mambo yake akiwa bado na uwezo wa kuulizwa na kujibu. Pili, hakuwaacha Wazungu peke yao wawe walinzi wa mfuko huo. Alimkabidhi kazi ya kuuanzisha Booker T. Washington, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, pamoja na mwalimu mkuu mmoja Mzungu. Na katika baraza la wadhamini watu weusi walikaa pamoja na weupe. Wenye watoto waliokuwa wakisaidiwa walikuwa na sauti katika mali iliyowasaidia.

Mwaka 1908 mfuko huo ulianza kumlipa Virginia Randolph, mwalimu wa shule ndogo katika jimbo la Virginia. Wazazi wake walikuwa watumwa kabla ya mwaka 1865. Shule yake ilikuwa kibanda, lakini aliipaka chokaa, akafagia uwanja, akapanda miti, akawafundisha watoto kusoma na kuhesabu, na pia kushona, kupika na kulima. Aliwatembelea wazazi nyumbani mwao. Sasa alipewa kazi mpya: kuzunguka katika shule zaidi ya 20 za wilaya yake, awasaidie walimu wenzake kufanya kama yeye. Walimu wa namna hiyo wakaitwa walimu wa Jeanes, nao wakaongezeka katika majimbo mengi ya kusini.

Mfuko ulilipa mshahara wa mwalimu. Lakini mbao za kutengeneza paa, na misumari, na siku za kazi, mara nyingi vilitoka kwa wazazi wenyewe. Fedha ya marehemu haikuwaondolea watu kazi yao. Iliwatia moyo waifanye.

4. Wasia wa Caroline Phelps Stokes

Katika miaka hiyohiyo aliishi Caroline Phelps Stokes, mwanamke tajiri wa New York. Naye hakuolewa. Alifariki mwaka 1909. Wasia wake ulipofunguliwa, ilionekana kwamba ameagiza karibu dola milioni 1 ziwekwe kuwa mfuko. Faida yake itumike kwa mambo kadhaa, na mojawapo ni elimu: elimu ya watu weusi katika Afrika na katika Marekani, ya wenyeji wa kwanza wa Marekani, na ya watoto maskini wa Kizungu. Mwaka 1911 mfuko huo, ulioitwa kwa jina la Phelps-Stokes, uliandikishwa kwa sheria.

Neno moja katika wasia huo lilikuwa na nguvu kubwa, nalo ni hilo la Afrika. Kama asingalilisema, wadhamini wangalitumia faida yote kwao Marekani, wala hakuna ambaye angaliwalaumu. Marehemu hawezi kuitwa tena ili aeleze alikusudia nini. Maneno yake ndiyo sauti pekee iliyobaki.

Kwa ajili ya neno hilo, wadhamini walituma tume kutazama shule za Afrika. Tume ya kwanza, katika miaka ya 1920 na 1921, ilipita nchi za magharibi na kusini, na Kongo ilikuwa mojawapo. Tume ya pili, katika mwaka 1924, ilipita Kenya, Uganda, Tanganyika, Unguja, Nyasaland iitwayo sasa Malawi, na nchi nyingine. Mkuu wa tume zote mbili alikuwa Thomas Jesse Jones. Pamoja naye alikwenda Mwafrika mmoja, James Aggrey, aliyezaliwa mwaka 1875 huko Anomabo, katika nchi iitwayo sasa Ghana. Aggrey alikuwa amesoma sana na kufundisha Marekani, na popote alipopita vijana walikusanyika kumsikiliza. Wengi walikuwa hawajamwona bado Mwafrika mwenye elimu kama ile akikaa meza moja na Wazungu wakubwa na kusema nao bila hofu.

Tume ziliandika habari ya yale waliyoyaona. Walisema kwamba katika nchi nyingi serikali zilikuwa zikiwaachia wamisioni karibu kazi yote ya shule, na kwamba shule za vijijini zilikuwa na walimu wasiofundishwa vya kutosha wala kutembelewa na mtu wa kuwasaidia.

5. Kabete

Dawa waliyoitaja ni ile ya Virginia Randolph: mwalimu azungukaye. Mwaka 1925 ilifunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, nchini Kenya. Serikali ya Kenya na Mfuko wa Carnegie wa New York walishirikiana kuilipia. Mkuu wake wa kwanza, J. W. C. Dougall, alikuwa mwandishi wa tume ya mwaka 1924. Hivyo jina la Anna Jeanes, aliyefariki Philadelphia, liliandikwa juu ya mlango wa shule katika Afrika ya Mashariki miaka 18 baada ya kufa kwake.

Kabete walikwenda walimu waliokwisha kufanya kazi, nao walikwenda pamoja na wake zao na watoto. Kila jamaa ilikaa katika nyumba yake. Mume alijifunza njia bora za kufundisha, kilimo, na usafi wa kijiji. Mke alijifunza malezi ya watoto wachanga, chakula bora, na ushoni. Baadaye walirudi kwao, na mwalimu akapewa shule kadhaa za vijijini azitembelee zamu kwa zamu. Kazi hiyo wakatekumeni wataifahamu upesi, kwa maana yafanana na ya katekista apitaye kijiji kwa kijiji, akikaa siku chache hapa na siku chache kule. Mfano huo ulienea; shule ya namna hiyo ilifunguliwa pia Domasi, katika Nyasaland.

Mwaka 1961 shule ya Kabete iligeuzwa kuwa chuo cha kufundisha maofisa wa serikali, na baada ya mwaka 2012 mahali pale pakawa sehemu ya Chuo cha Serikali cha Kenya.

6. Mtoaji asiposikiliza

Si kila kitu katika habari hii ni cha kusifiwa, na mwanafunzi mwema hutazama pande zote mbili.

Tume zile zilishauri kwamba watoto wa Afrika wafundishwe hasa mambo ya shamba, afya na kazi za mikono. Mambo hayo ni mema. Hakuna kijiji kisichoyahitaji. Lakini watu weusi wenye elimu waliona hatari ndani yake. Huko Marekani msomi W. E. B. Du Bois alimpinga Thomas Jesse Jones kwa nguvu, akaona kwamba elimu ya namna hiyo ikiwa ndiyo yote, mtu mweusi atafundishwa kuwa mtumishi mwema tu, wala hatafika mahali pa kujiongoza. Katika Kenya wazazi wengi walitaka watoto wao wajifunze Kiingereza na elimu ya juu kama watoto wa Wazungu. Katika miaka ya 1930 Wakikuyu wengi walijenga shule zao wenyewe kwa fedha na mikono yao.

Hapa pana fundisho kwa kila mtoaji, mkubwa kwa mdogo. Anayetoa mali hapati kwa sababu hiyo haki ya kuamua peke yake mtoto wa mwenzake awe nani. Mzee akiacha mali kwa shule ya kijiji, aseme wazi ni kwa ajili ya nani na kwa kazi gani; lakini asifunge mlango mbele ya mtoto mwenye akili ya kuwa mganga, mwandishi au hakimu. Nao wadhamini wawaulize wazazi kabla ya kutenda.

7. Wasia uliokuwa na mwisho

Mji uleule wa Philadelphia ulikuwa na tajiri mwingine, Mkatoliki, jina lake Francis Drexel, mwenye benki. Alifariki mwaka 1885, akaacha zaidi ya dola milioni 15. Sehemu ya kumi aliwapa mara moja watu wa kazi za huruma. Sehemu iliyobaki aliiweka kuwa amana kwa binti zake watatu: wao watumie faida tu. Aliongeza neno: binti zake wote wakifa pasipo kuacha watoto, amana yote iende kwa zile kazi za huruma alizozitaja katika wasia wake.

Mmoja wa binti hao alikuwa Katharine, aliyezaliwa mwaka 1858. Mwaka 1887 alipokelewa Roma na Papa Leo XIII, akamwomba wamisionari kwa ajili ya wenyeji wa kwanza wa Marekani. Papa akamjibu kwa kumwuliza kwa nini asiwe mmisionari yeye mwenyewe. Mwaka 1891 alianzisha shirika la masista kwa ajili ya wenyeji hao na watu weusi. Sehemu yake ya faida, mwaka kwa mwaka, ikawa shule: shule za bweni, shule ndogo za vijijini katika jimbo la Louisiana, na huko New Orleans ile shule iliyoanza mwaka 1915 na kuwa Chuo Kikuu cha Xavier. Katika maisha yake alitoa karibu dola milioni 20, naye mwenyewe aliishi katika ufukara wa kitawa. Alifariki tarehe 3 Machi 1955, akiwa na miaka 96, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mtakatifu.

Lakini siku ile alipofariki, mto wa fedha ulikauka. Dada zake walikuwa wametangulia, wala hapakuwa na watoto. Amana ikaenda kama baba alivyoagiza. Shirika la Katharine halikutajwa katika wasia, kwa sababu mwaka 1885 lilikuwa bado halijazaliwa. Hakuna aliyetenda dhuluma. Neno la baba lilifuatwa tu. Masista wakabaki na shule nyingi, na fedha ile haipo tena. Iliwapasa kuendelea kwa kazi yao na kwa sadaka za watu.

Kwa hiyo ijulikane: wasia waweza kuwa mwema na wenye haki, na bado usiyaone mambo yajayo. Shule isiyo na mguu mwingine wa kusimamia ila fedha ya marehemu mmoja, inasimama juu ya mguu mmoja.

8. Mambo ya kushika kijijini

Mtu wa Lusangi atasema: habari hizi ni za matajiri wa benki, mimi nina michikichi 20 na mbuzi 6, yanihusu nini? Yamhusu sana. Bwana Yesu alimsifu mjane aliyetia sarafu mbili ndogo katika hazina ya hekalu kuliko matajiri waliotia nyingi. Tena alisimulia habari ya tajiri aliyekusudia kujenga ghala kubwa zaidi, akaambiwa na Mungu kwamba usiku uleule roho yake itatakwa, pasipo kujua mali yake itakuwa ya nani. Ukubwa wa mali si neno la kwanza. Yafuatayo ndiyo ya kushika.

La kwanza, haki hutangulia sadaka. Madeni yalipwe, na watoto na mjane wapate sehemu yao. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 yawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi. Robo iliyobaki ni ya mjane au mgane, wazazi, na ndugu. Bwana Yesu aliwakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kusema kwamba mali yao imekwisha kuwekwa kwa Mungu. Sadaka inayomfukuza yatima wa nyumbani ili imsaidie yatima wa jirani si sadaka.

La pili, maneno yawe wazi. Kusema tu, “Saidieni watoto,” ni kuwasha ugomvi. Mzee aseme: michikichi hii 2 iliyo karibu na kijito, mawese yake yauzwe kila mavuno, fedha yake inunue daftari na kalamu za yatima wa shule yetu, na miti hii isikatwe. Aangalie pia kwamba ataja kitu kilicho chake kweli. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ya Kongo ni ya Serikali, na watu wana haki ya kuitumia. Basi mpaka wa shamba ujulikane na chifu na majirani kabla ya kifo, wala si baadaye.

La tatu, wasia uandikwe. Mwenye kujua kuandika auandike wote kwa mkono wake mwenyewe, atie tarehe na sahihi. Asiyejua kuandika aende mbele ya ofisa wa serikali mwenye kazi hiyo. Aliye katika hatari ya kufa aweza kusema wasia wake kwa mdomo mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Lakini afya ndiyo saa bora ya kusema, kwa maana kinywa cha mgonjwa husikiwa na kila mtu kwa namna yake.

La nne, wadhamini wawe zaidi ya mmoja, na mmoja wao awe mama wa watoto wanaosoma. Mtu mmoja peke yake hujaribiwa haraka. Hesabu isomwe mbele ya wote mara moja kwa mwaka: mikungu mingapi ilivunwa, mawese yaliuzwa kwa franka ngapi, daftari ngapi zilinunuliwa, nani alizipokea.

La tano, kijiji kisikunje mikono. Tangu Septemba 2019 Serikali ya Kongo imeweka shule za msingi bila malipo. Hata hivyo yatima ahitaji nguo, daftari na chakula cha asubuhi, na anayeendelea baada ya shule ya msingi ahitaji kulipiwa. Sadaka ya marehemu yaweza kuanza kazi hiyo; walio hai huiendeleza.

9. Maswali ya kukumbuka

Swali: Wasia ni nini?
Jibu: Wasia ni neno la mtu aliye hai kuhusu mali yake, litakalotendwa akiisha kufa.

Swali: Kula shina na kula tunda hutofautianaje?
Jibu: Anayekula shina huimaliza mali mara moja. Anayekula tunda huiacha mali yenyewe, akatumia faida yake miaka mingi.

Swali: Wasia wa Caroline Phelps Stokes ulifikaje Afrika?
Jibu: Aliitaja Afrika wazi katika wasia wake wa elimu, kwa hiyo wadhamini walituma tume Kongo na Afrika ya Mashariki kutazama shule.

Swali: Mwalimu wa Jeanes alifanya kazi gani?
Jibu: Alizunguka katika shule za vijijini, akawasaidia walimu wenzake na wazazi kuzitengeneza.

Swali: Kwa nini fedha ya Drexel ilikoma mwaka 1955?
Jibu: Kwa sababu baba aliagiza kwamba binti zake wote wakifa bila watoto, amana iende kwa kazi alizozitaja mwenyewe, na shirika la masista halikutajwa.

Swali: Kitu gani hutangulia wasia wa sadaka?
Jibu: Haki hutangulia: kulipa madeni, na kuwapa watoto na mjane sehemu yao.

Swali: Mdhamini ni mwenye mali?
Jibu: Hapana. Mdhamini hutunza mali ya wengine, naye lazima atoe hesabu mbele ya wote.

Kazi ya nyumbani: Kila mkatekumeni awaulize wazee wa jamaa yake kama wamekwisha kusema maneno yao kuhusu mali yao, na mbele ya mashahidi gani. Asiulize kwa tamaa ya kurithi, bali kwa heshima, akae na kusikiliza. Mzee akiwa tayari lakini hajui kuandika, amsindikize kwa ofisa wa serikali wakati nguvu zake zingalipo.